Jipegi, tifu na pi-eni-ji: jinsi ya kutaja majina ya mafaili ya picha mpaka fundi akuelewe

Kijana wa Nansio alinisikia vizuri kabisa. Simu haikukatika, wala upepo wa ziwa haukuingia kwenye maongezi. Nilimwambia, "Mdogo wangu, hiyo nembo nitumie kwa i-pi-esi." Akajibu, "Sawa kaka, i-pi-esi." Akafungua Koreli yake, yaani programu ya kuchorea ya CorelDRAW, akaenda kwenye orodha ya aina za mafaili, akatafuta kitu kinachoanza na herufi I. Hakukiona. Akachukua kile kilichofanana kwa sauti, chenye P na S ndani yake, akanitumia PSD.

Tulikuwa tunatengeneza bango la mita 6 la kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa. Nilichotaka ni EPS, yaani mchoro wa mistari ambao ukiuvuta hata kufikia ukubwa wa ukuta hauharibiki. Nilichopata ni picha ya vidoti, ndogo, ambayo nilipoivuta kila herufi iliota ngazi pembeni. Bango lilitakiwa kuondoka na meli ya mchana kwenda Ukerewe, na meli ikaondoka bila bango. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliniuliza tu: "Sasa baba, kwani hamkuelewana?" Sikuwa na la kumjibu, maana tulielewana kila sauti. Kijana aliandika i aliyoisikia. Mimi nilimaanisha E.

Tangu hapo kijana akija kujifunza kazi kwangu, siku ya kwanza hagusi kompyuta. Anataja majina ya mafaili kwa sauti, ninaandika nilichosikia, halafu tunalinganisha. Ofisi yangu iko katikati ya jiji la Mwanza, si mbali na Makoroboi, na kazi nyingi zinaingia kwa simu: kutoka Sengerema, Magu, Geita, visiwani. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu wa steshenari, fundi wa stika na fulana, mwanafunzi wa grafiki, na hata mteja mwenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema: tunataja jina ili faili sahihi lifike, basi. Kusikika kama Mzungu si sehemu ya kazi. Na hizo irabu tunazobandika mwishoni, efu, esi, emu, ambazo wengine wanazionea haya, mara nyingi ndizo zinazookoa kazi.

Hatua ya kwanza: uone mkia kabla ya kuutaja

Jina la faili lina kichwa na mkia. Kichwa umekiandika wewe, kwa mfano "nembo ya kikundi". Mkia ni zile herufi mbili mpaka nne baada ya nukta ya mwisho, nao ndio unaoiambia kompyuta hili ni faili la namna gani. Tatizo ni kwamba Windows, ukiiacha ilivyokuja, huuficha mkia. Mteja anaona kichwa na kipicha kidogo, basi anakisia. Ukimuuliza ni faili gani, atasema "picha."

Fungua folda yoyote, nenda kwenye menyu ya View, tafuta mstari wa File name extensions, utie tiki. Mikia yote itatokea. Kwenye simu, bonyeza faili, fungua taarifa zake, usome jina lote mpaka mwisho.

Ukishauona, usishawishike kuubadilisha kwa mkono. Kila wiki napokea faili ambalo mtu amefuta jpg akaandika png, akitumaini ule weupe wa nyuma utatoweka. Sato ukimbandika mkia wa kambale bado ni sato. Faili linabadilika aina pale tu unapolifungua kwenye programu na kulihifadhi upya kwa aina nyingine, na hata hapo kilichokwisha kupotea hakirudi.

Hatua ya pili: amua kama ni neno au ni herufi

Jambo hili unalijua tayari, ila hujawahi kulihamishia kwenye mafaili. TANESCO unaitamka kama neno. VETA neno, SIDO neno, na MWAUWASA inayotuletea maji hapa Mwanza nayo neno, ingawa inaujaza mdomo kama kiazi cha moto. Lakini CCM, TBC na NSSF unazitaja herufi moja moja. Hakuna aliyekufundisha. Mdomo umeangalia kama kuna irabu za kutosha kupata silabi, ukaamua.

Mafaili ni hivyo hivyo. TIFF na GIF zina irabu katikati, zinatamkika kama neno. PDF, SVG, PSD, CDR, DXF, DST hazina, zinatajwa herufi kwa herufi. JPEG ni chotara: herufi ya kwanza inatajwa peke yake, zilizobaki zinakuwa neno, jei-pegi, ambayo kwa haraka ya kazini imekuwa jipegi. EPS ina irabu mbele, ila hakuna fundi niliyemsikia akisema "epsi", kwa hiyo tunabaki na herufi. Nayo ndiyo iliyonigharimu meli.

Hatua ya tatu: malizia kwa irabu bila haya

Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti. Tulipopokea maneno ya kigeni tuliyafunga kwa irabu: filamu, kilabu, stempu, programu, na upande wa pili benki, soksi, tiketi, risiti. Yaangalie tena. Konsonanti ya mwisho ikiwa ya midomo, kama m, b, p au f, tunaongeza u. Ikiwa ya ulimi au ya kooni, tunaongeza i. Hatukukaa kikao kupanga hivyo, ila tunaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu kuliko sheria za barabarani.

Herufi za Kiingereza nazo tumezipitisha kwenye kanuni hiyo hiyo. M ni emu, F ni efu; N ni eni, S ni esi, L ni eli, X ni eksi. R ilijichagulia njia yake, ikawa ara. Kwa hiyo PDF ni pi-di-efu, SVG ni esi-vi-ji, CDR ni si-di-ara, DXF ni di-eksi-efu, STL ni esi-ti-eli.

Sasa sikiliza faida yake. F na S kwa asili ni pumzi inayopita penye upenyo mwembamba. Kinachozitofautisha kiko zaidi kwenye sauti kali za juu, na simu ya kawaida, ile ya kupiga kwa vocha, imezoea kuchuja karibu kila kilicho juu ya hezi 3400. Mtu akitaja F na S kwa Kiingereza kilichokatwa vizuri, zinafika upande wa pili kama mapacha. M na N zina shida ya namna hiyo, zote zinapitia puani. Lakini ukisema efu na esi, emu na eni, hata simu ikila konsonanti, u na i zinabaki, na aliyezaliwa na Kiswahili hawezi kuchanganya u na i. Kijana wangu mmoja aliyetoka chuo alikuwa akisema "es-vi-ji" kwa madaha, mteja wa Geita akawa anamuuliza mara tatu. Nikamwambia aongeze i. Ikaisha.

Na kwa Wasukuma wenzangu: usijitese na ile r. Kisukuma hakina r, na ukisema si-di-ala fundi atafungua faili la CDR vilevile, kwa sababu hakuna faili lingine la kugombania sauti hiyo kwenye kazi zetu. Wakurya nao watakuletea esi-ti-eri na mashine itachapa. Lafudhi ikishindwa kuzaa faili lingine, iache ipumzike.

Hatua ya nne: hapa ndipo wengi wanazama

Irabu za mwisho zinasaidia efu na esi, lakini haziisaidii familia ya i. Hesabu: B ni bi, C ni si, D ni di, E ni i, G ni ji, P ni pi, T ni ti, V ni vi. Herufi nane zenye mkia mmoja wa sauti. Kwenye ofisi yenye mashine ya kuchapa, jenereta na kondakta wa daladala anayeita Buzuruga nje ya mlango, bi na pi ni kitu kimoja, di na ti ni kitu kimoja. Mtu akikwambia "bi-emu-pi," yaani faili la picha la BMP, na mwingine akakwambia "pi-eni-ji," masikio yako yanafanya kazi ya kubahatisha.

Juu ya hapo kuna mtego wa lugha mbili. Shule ya msingi tulisoma a, e, i, o, u kama zilivyo. Kwenye vifupisho tunahamia Kiingereza, na hapo E inakuwa i, I inakuwa ai, A inakuwa ei. Anayesikia i na kuandika I hajakosea. Ameandika Kiswahili safi. Ndivyo EPS ilivyogeuka kitu ambacho hakipo. G na J zina ugomvi huo huo. G inatajwa ji, J inatajwa jei, na mtu wa kawaida akisikia ji anaandika J. Nimewahi kuletewa karatasi imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri tu: "Fundi anataka PNJ."

Dawa yake niliikopa kwa watu wa redio za upepo, wanaotaja herufi kwa maneno. Maneno yao ni ya Kiingereza, hayakai mdomoni, kwa hiyo nikachukua majina ya huku kwetu. P ya Pasiansi, B ya Buzuruga, T ya Tarime, C ya Chato, G ya Geita, J ya Jinja, V ya Victoria, E ya Entebbe, I ya Igoma. S ya Sengerema, F ya Fela, N ya Nyegezi, M ya Magu, L ya Lamadi, R ya Rorya, H ya Homa Bay. D nilikosa kando ya ziwa, nikaazima Dodoma. A nikaazima Arusha. X hatuhangaiki nayo: "ile alama ya kukosa hesabu," kila mtu anaijua na wengine wanaikumbuka kwa uchungu.

Kwa hiyo EPS sasa ni "E ya Entebbe, P ya Pasiansi, S ya Sengerema." Ni ndefu, lakini ni fupi kuliko kusubiri meli ya kesho. Si lazima utaje hivyo kila herufi kila siku. Taja tu ile yenye hatari. Kwa PNG inatosha kusema "pi-eni-ji, ji ya Geita."

Hatua ya tano: yajue yenye vituko, moja moja

Jipegi ndiyo mama wa zote. Jina limetokana na kamati ya kimataifa ya wataalamu wa picha iliyotengeneza mfumo huo, na kiwango chake kilitoka mwaka 1992. Watu wananiuliza tofauti ya JPEG na JPG. Hakuna. Kompyuta za enzi za DOS ziliruhusu mkia wa herufi tatu tu, E ikakatwa, na tabia hiyo haijaisha mpaka leo. Ninachokuomba ni kimoja: ukiona mkia wa jpg, usiseme "jei-pi-ji." Inafanana mno na pi-eni-ji, na haya ni mafaili yanayofanya kazi tofauti kabisa. Jipegi haina uwazi nyuma. Nembo ya duara ikihifadhiwa kwa jipegi inakuja na kiboksi cheupe, na kiboksi hicho kwenye fulana nyekundu hakifichiki. Sema jipegi, kila mara, uwe umeona E au hujaiona.

Ofisini neno hili limeshakuwa la Kiswahili kiasi kwamba tunalichezea. Ji- ya mbele inasikika kama ile ya jitu na jisu, kama vile kuna pegi na hii ni pegi kubwa. Basi picha iliyopunguzwa na simu mpaka imebaki kiganjani tunaiita kipegi. "Mama, hiki ni kipegi, nataka jipegi," na mama anaelewa papo hapo kwamba anitafutie ile ya kwanza iliyotoka kwenye kamera. Sijapata njia nyepesi zaidi ya kueleza pikseli, vile vidoti vinavyounda picha.

PNG ina kisa kizuri. Mwishoni mwa mwaka 1994 ilitangazwa kwamba njia ya kubana data iliyomo ndani ya GIF ina hataza ya kampuni ya Unisys na watengenezaji wa programu wanapaswa kulipia. Watu wa intaneti wakakasirika, wakaunda faili lingine lisilo na deni, na mwaka 1996 likapitishwa rasmi. Waliolitengeneza waliandika kwenye maelezo yake namna ya kulitamka: neno moja, kama sauti ya kengele ndogo, kwa midomo yetu "pingi." Hiyo ndiyo rasmi. Mimi sikushauri uitumie Mwanza. Ukimwambia mteja "niletee pingi," atafikiria pingu, na mtu wa mtandao atafikiria jambo lake la kupima kasi. Hapa rasmi imeshindwa na mazoea, si Mwanza tu bali karibu kila mahali. Pi-eni-ji.

GIF ndiyo iliyogombanisha dunia. Ilitoka mwaka 1987 katika kampuni ya CompuServe ya Marekani, chini ya mhandisi Steve Wilhite. Yeye alishikilia kwamba inaanza kwa j ya jembe. Wapinzani wakasema herufi ile ya kwanza imetoka kwenye neno lao la michoro, ambalo linaanza kwa g ya gari, basi na itamkwe kwa g. Mwaka 2013 Wilhite alipewa tuzo ya Webby kwa kazi ya maisha yake, na kwenye hafla hotuba yake yote ilikuwa maandishi kwenye skrini: inatamkwa kwa j, si kwa g. Alifariki mwaka 2022 na ubishi haujafariki. Hoja ya wapinzani ina tundu, kwa maana P ya kwenye JPEG imetoka kwenye neno la picha ambalo wao hulianza kwa sauti ya f, na hakuna anayesema "jifegi."

Kwetu, jifu iko hatua moja kutoka jivu, na gifu haifanani na chochote. Mimi nasema jifu, kwa heshima ya aliyeizaa. Ukisema gifu nitakuelewa, na hatutachelewesha kazi kwa ajili hiyo, kwa sababu GIF haiji kuchapwa hata siku moja: ina rangi 256 tu kwa picha, na zile zinazocheza kwenye WhatsApp ni vipande vya video vilivyobaki na jina la zamani. Akiniletea mtu jifu achapiwe kwenye kikombe, namrudisha akatafute picha.

TIFF ni tifu. Ya mwaka 1986, kutoka kampuni ya Aldus, nayo ni kipenzi cha wachapaji wa vitabu na waskani. Herufi F mbili hazina maana ya kuvuta sauti. Kama ulisoma sayansi kimu au kilimo unakumbuka udongo tifutifu, chukua nusu. Mkia unaweza kuwa tif au tiff, ni kitu kimoja.

Halafu kuna mawili yaliyoingia na simu mpya, na yameleta vichekesho ambavyo watu wa lugha nyingine hawavipati. Simu za iPhone tangu mwaka 2017 hupiga picha za HEIC. Wako wanaoitamka kama neno moja, na neno hilo mdomoni mwetu ni "hiki." Jaribu uone: "Kaka, nimekutumia hiki." "Hiki kipi?" "Hiki." Lingine ni WebP la Google, la mwaka 2010, ambalo wenyewe wanasema litamkwe kwa mkato, na likifika kwetu linakuwa "wepi." "Nimetuma wepi." "Wepi tena? Si ulisema mko wawili?" Kwa HEIC taja herufi zote, eichi-i-ai-si, na useme ni ya iPhone, kwa WebP sema webu-pi. Kisha mwombe mteja alihifadhi upya kama jipegi, maana programu nyingi za zamani kwenye ofisi zetu haziyafungui yote mawili.

RAW si kifupisho cha chochote, ingawa huandikwa kwa herufi kubwa kama kimoja. Ni neno la Kiingereza la kitu kibichi. Wala si aina moja ya faili. Ni kundi, Canon wana mikia yao kama CR2, Nikon wana NEF, Sony wana ARW. Wapiga picha wa harusi husema "roo," na mtu akikupigia kusema "roo ya bibi harusi ninayo mimi" inabidi ukae chini kwanza. Mimi nasema picha mbichi. Anayeishi jirani na soko la samaki la Mwaloni wa Kirumba hahitaji kuelezwa tofauti ya mbichi na iliyokaushwa: mbichi ina kila kitu ndani, ila huwezi kuisafirisha mbali wala kuipeleka mezani kabla ya kuishughulikia.

AI zamani haikuwa na shida. Ilikuwa faili la programu ya Adobe Illustrator, tukasema ei-ai na kazi ikaenda. Sasa ukimwambia mteja "nataka ei-ai," anadhani unataka picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Mmoja alinijia juu: "Mimi nimelipa mtu achore kwa mkono, wewe unataka ya roboti!" Sema "faili la Ilastreta." CDR vilevile ni salama zaidi kuiita "faili la Koreli," na uongeze swali la Koreli namba ngapi, kwani toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya. Wakubwa wenzangu watakumbuka pia kwamba si-di-ara ilikuwa ile sahani tupu ya kuchomea nyimbo. Mzee mmoja wa Igogo aliniletea sahani kweli, imefungwa kwenye gazeti.

Zilizobaki hazina vituko. SVG, mchoro wa mistari wa kwenye tovuti, esi-vi-ji. PSD, faili la Photoshop, pi-esi-di, na umalize kwa di ya Dodoma ili isifike kama EPS iliyopinduliwa. DXF ni ya mafundi wa mageti na mashine za kukata chuma, di-eksi-efu. DST ni ya mashine za kudarizi, ilianzia kwa Wajapani wa Tajima, na wanaoshona nembo za masweta ya shule wanasema di-esi-ti. Mkisogea kwenye maumbo ya pande tatu mtakutana na STL, OBJ ambayo ni o-bi-jei, FBX ambayo ni efu-bi-eksi, na EXR ya watu wa filamu, i-eksi-ara. Kwa hiyo ya mwisho rudi Entebbe.

Hatua ya sita: mwache mwenzako arudie, kisha atume kama dokumenti

Ukimaliza kutaja, usiulize "umenielewa?" Kwetu jibu la swali hilo ni ndiyo, kwa heshima, hasa kama anayeulizwa ni mdogo kwako. Mwambie, "Nisomee mkia unaouona hapo kwenye skrini, herufi moja moja." Hapo atasoma kilichopo, si ulichosema. Kama ni mtu mzima kwangu, ninageuza: "Shikamoo mama, naomba nikusomee nilichoandika, unisahihishe." Nakosea mimi, anasahihisha yeye, na faili linakuwa sawa.

Kisha njia ya kutuma. Kwenye WhatsApp, picha ikitumwa kama picha hubanwa na kupunguzwa, na PNG yako iliyo wazi nyuma hufika ikiwa jipegi, tena kipegi. Bonyeza alama ya kuambatanisha, chagua dokumenti, lichukue faili hapo. Likifika, mkia utaonekana chini ya jina lake. Ulinganishe na ulichotaja kwenye simu kabla hujafungua programu yoyote.

Yule kijana wa Nansio bado tunafanya kazi pamoja. Wiki iliyopita alinipigia akiwa gatini, nyuma yake honi ya meli inalia. "Kaka, naituma ile ya kikundi. E ya Entebbe, P ya Pasiansi, S ya Sengerema." Nikamwambia asome mkia. Kimya kidogo. "Kaka, hapa imeandika P, S, D." Nikasikia anacheka peke yake, halafu anarudi kwenye orodha.